Somo Yangu na Mbwa Wenye Adabu

Jina lake sitalitaja. Sijalisahau, ila mwari hamwiti somo yake kwa jina, na mie hata leo na mvi zangu nikijaribu kulitamka ulimi unakuwa mzito, kama vile yuko nyuma ya mlango anasikiliza. Temeke nzima tulimwita Somo. Hata wale ambao hakuwahi kuwaweka ndani walimwita hivyo, kwa sababu na wao alikuwa akiwafunda tu, njiani, bila kuombwa.

Kazi yake hasa ilikuwa kuwafunda wasichana waliovunja ungo na mabibi harusi. Lakini adabu kwake haikuwa kitu cha kufundishia chumbani na kukiacha humo. Alitembea nayo. Muuza maji akipita na madebe yake bila kusalimia, alisimamishwa, madebe yakawekwa chini, akafundishwa shikamoo kuanzia mwanzo, na wateja wake wakasubiri. Karani mmoja alimpita na baiskeli akamtimulia vumbi. Kesho yake alimkuta Somo amesimama katikati ya njia, mkono juu kama askari wa barabarani, akaelezwa jinsi mtu mwenye wazazi anavyopanda baiskeli. Tangu hapo karani yule alishuka kila alipokaribia nyumba ya Somo, akaisukuma baiskeli mpaka kona, ndipo akapanda tena. Alifanya hivyo hata siku ambazo Somo hakuwepo barazani.

Yeye mwenyewe, sasa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvunja masharti yake. Alitufundisha kula na kunywa taratibu, halafu akanywa chai inachemka, akaungua, akamlaumu aliyemimina. Alitukataza kucheka meno yote yakaonekana, lakini yeye akicheka alipiga paja lake, paja likichoka akampiga aliyekaa karibu. Waliomzoea walikaa mbali. Na jambo alilolisisitiza kuliko yote lilikuwa utulivu. Alituambia kwamba hata nyumba ikiungua, mwanamke anatoka nje kanga yake imefungwa vizuri, na anawaamkia waliokuja kuzima.

Lakini akimwona mbwa, utulivu wote ulikwisha.

Siku zile mbwa wa mjini walikuwa wa namna mbili. Kulikuwa na mbwa koko, waliozunguka machinjioni na majalalani na hawakujua mwenyewe wala mgeni. Na kulikuwa na mbwa wa Uzunguni, wakubwa, wanono, waliofundishwa kumchukia mtu yeyote anayepita bila viatu. Somo aliwaogopa wote sawasawa. Alikuwa akifunga changarawe kwenye pindo la kanga, tayari kwa vita. Na mbali na hofu kulikuwa na suala la twahara. Sote tulijua kwamba nguo ikiguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Somo alifua hata kama mbwa alimtazama tu.

Wakati mmoja alialikwa harusini Kinondoni. Kurudi akakata njia karibu na nyumba za Wazungu, na mbwa akatokea uani, wala hakuwa mkubwa. Muuza kuni alikuwa akipita na mkokoteni. Somo akapanda juu ya kuni, na mbwa alipokwenda zake akakataa kushuka. Yule mtu alimsihi, akachoka, akaendelea kuvuta. Somo akaingia Kariakoo juu ya mzigo wa kuni, amekaa wima, anajibu salamu za watu huku na huku kama bibi harusi anayepelekwa kwa mume. Alipoulizwa baadaye alisema miguu ilikuwa ikimuuma.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, na habari zake hazikusemwa mbele yake. Binti huyo alipendana na kijana mpasua mbao aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Mreno. Somo alikataa. Alikuwa na mchumba wake mwingine kichwani, mtu wa hapahapa. Binti na kijana wakafungishwa ndoa na shehe mmoja huko Mbagala, bila ngoma, bila somo, bila mama, wakaenda zao kusini. Basi mama aliyewacheza unyagoni mabinti wa watu wote wa Temeke akawa hakumcheza wa kwake. Watu walisema walivyosema. Yeye alinyamaza, na katika harusi za wengine akacheza kwa nguvu zaidi kuliko zamani, mpaka ukimtazama sana unaona vibaya.

Miaka ikapita hivyo. Kisha akaja Mmakonde mmoja aliyekuwa akitafuta kazi bandarini. Alisimama nje ya nyumba ya Somo, akavua kofia, akapiga hodi, akasema amepewa salamu: binti yake amejifungua salama, mtoto ni wa kike, na anamwomba mama yake aje amwone. Somo alimtaka arudie. Aliporudia, alimwambia asiegemee mlango wakati anasema na watu wazima. Halafu akaingia ndani, tukasikia masanduku yanaburutwa.

Mie wakati huo nilikuwa nimerudi kwa mama yangu na talaka yangu mkononi, nashinda nimekaa jikoni natazama moto. Somo alikuja akasema kukaa kwangu vile kunamkondesha mama yangu, kwa hiyo nifungashe, twende wote. Mama alikubali haraka mno, nikaona hata aibu.

Tulipanda lori la mizigo pale barabara ya Kilwa. Somo alikaa mbele na dereva, mie nyuma juu ya magunia, na hotuba ilianza kabla hatujafika Rufiji. Maana alikuwa na hotuba. Alikuwa ameiandaa kwa miaka, ya kumwambia binti yake siku watakapoonana, na sasa alitaka kuinyoosha. Kila tuliposimama kupumzika aliniweka mbele yake niwe binti. Ilianza na "Wewe uliyenivua nguo mbele ya watu," ikapita kwenye uchungu wa kuzaa, ikazunguka kwa marehemu baba yake, ikamalizikia kwenye maziwa aliyomnyonyesha. Mie kazi yangu ilikuwa kulia. Nikilia kidogo aliniambia sina uchungu. Nikilia sana aliniambia namkatiza. Pale Lindi nililia vizuri kiasi kwamba mama mmoja asiyetujua alituletea maji na kunipa pole ya msiba.

Baada ya Mikindani hakukuwa na lori la kutufikisha. Tulikwenda kwa miguu pamoja na watu waliokuwa wakirudi kwao, tukavuka Ruvuma kwa mtumbwi, na upande wa pili wenzetu wakashika njia ya bara. Sie tukaelekezwa tufuate pwani, kijiji kwa kijiji, bahari iwe kushoto kwetu muda wote. Hatungepotea.

Kijiji cha kwanza kilikuwa nyumba chache kati ya minazi na mikoko. Tulipokaribia, mbwa watatu wakasimama kutoka kivulini. Somo alinisukuma mbele, akasema kwa heshima ya ugeni kijana hutangulia. Nikasikia changarawe zinafunguliwa kwenye kanga nyuma yangu. Mbwa mmoja, wa rangi ya mchanga, akabweka mara moja, si kwa ukali, kama mtu anayewaambia wa ndani kuna wageni. Halafu wote watatu wakakaa kitako kando ya njia, wakatuachia katikati. Mama mmoja akatoka nje akituambia karibuni. Walisema Kimwani chao, lakini Kiswahili walikijua, na sie Kimwani tulikipata nusu kwa kubahatisha.

Tulitandikiwa mkeka, tukaletewa wali na samaki. Mbwa wakalala mbali, na hapo nikaona kitu nikadhani macho yangu yamechoka: wote walikuwa wametupa mgongo. Mwenyeji akasema ndivyo walivyolelewa, hawatazami watu wanapokula. Wanalinda mashamba dhidi ya nguruwe, wanafukuza kunguru na ngedere kwenye samaki wa kukausha, na nyumbani hawaingii.  Somo alikula, kila mara akigeuza shingo kuhakikisha migongo bado iko palepale.

Jioni ile karibu na nyumba kulikuwa na uchanja umejaa ng'onda, na chini yake amelala mbwa mzee. Somo akamtazama muda mrefu. Alipodhani hakuna anayemwona, na mie nilikuwa nyuma ya mnazi, alichomoa kipande kimoja cha samaki akakiweka mchangani karibu na pua ya mbwa, akarudi nyuma kungoja. Mbwa akaangalia samaki. Akamwangalia Somo. Kisha akageuza uso taratibu akatazama bahari, kama mtu mzima aliyemfumania mwenzake kwenye jambo la aibu na hataki kumwumbua. Somo aliokota samaki, akamrudisha juu ya uchanja, akaja kwangu hatua za haraka.

"Kanionea haya," alisema. "Mwanangu, yule mbwa kanionea haya."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akaanza kucheka, na mie kwa kusahau nilikuwa nimekaa karibu.

Kuanzia hapo safari iligeuka. Tulipoondoka asubuhi mbwa wa kijiji walitutangulia, mikia juu, wakatufikisha kwenye kijito kikavu, wakakaa. Ng'ambo ya kijito walikuwa wamekaa mbwa wa kijiji cha pili, wanatungoja, sijui nani aliwaambia. Tulivuka, wakatupokea, wa kwanza wakarudi kwao. Somo alisimama katikati ya kijito akawatazama hawa na wale. Alisema kwamba katika harusi zote alizosimamia hajawahi kuona upande wa mume na upande wa mke wakipokezana wageni bila kugombana.

Alianza kuwapima. Kila kijiji alikuwa na mtihani. Aliangusha ushungi makusudi aone kama utaguswa, na mbwa akauzunguka. Alipita katikati ya mbwa na watoto wake, kitu ambacho hata mie nilimkataza, na yule mama akaishia kusogea tu. Katika kijiji kimoja tulifika wakati wa alasiri, wanaume wanaingia msikitini, na mbwa wao wamelala kando ya njia kwa mstari, mbali na viatu, njia yote wazi. Somo akakumbuka jinsi viatu vinavyogombaniwa kwetu siku ya Idi. Alikuwa akitembea sasa kama msichana, kanga inapepea, akinihesabia wari aliowafunda na mbwa aliowaona, nani kampita nani. Mie alinifananisha na mmoja mwenye doa jeupe, nikashindwa. Hotuba aliendelea kunisomea, lakini maneno yalianza kumchanganya. Alifika kwenye uchungu wa kuzaa akasimama kusema, "Umemwona yule alivyonyoosha miguu?" Nikaangalia pindo la kanga yake. Fundo la changarawe halikuwepo tena.

Kijiji cha binti tulikifikia jua likiwa limepanda vizuri na maji yamekupwa. Wanawake wote walikuwa pwani wakichokoa chaza. Tulionyeshwa nyumba: ua wa makuti, uwanja uliofagiwa ukaacha mistari mchangani. Hapo furaha yote ikamtoka Somo. Alinishika mkono. Akakohoa, akajaribu neno la kwanza la hotuba kwa sauti ndogo. Tukaingia uani.

Mlangoni alikuwa amelala mbwa wa manjano, sikio moja limechanika, ameziba kizingiti chote. Hakuna mtu mwingine. Aliinua kichwa akatutazama, akamwangalia Somo zaidi. Akainuka, akasogea nyuma kidogo kidogo, akalala pembeni ya mlango, kidevu juu ya mchanga.

Somo alijifunga kanga vizuri. Akainama kidogo, kama anavyoinama kwa wakwe.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia. "Kaa tu, usijisumbue."

Nyuma yetu kitu kilianguka. Binti yake alikuwa amesimama penye mlango wa ua, mtoto mgongoni, kapu la chaza limemwagika miguuni. Alikuwa amesikia. Alimtazama mama yake, akamtazama mbwa, na akaanza kucheka kwa namna ile ambayo Somo alituharamishia, meno yote nje. Somo aligeuka na uso aliokuwa ameutengeneza tangu Temeke. Alisema "Wewe uliye..." na hakuenda mbali zaidi. Kicheko kilimtoka tumboni. Alipiga paja, akanipiga mie, akampiga binti yake begani, na mkono haukuondoka tena begani. Mtoto mgongoni aliamka akalia, na wakacheka zaidi. Chaza zikabaki zimetapakaa uwanjani, na mbwa hakugusa hata moja.

Walipotulia, binti akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mama, nilidhani hutakuja tena maishani."

Somo alikuwa ameshamfungua mtoto, anamgeuza geuza kutazama vidole na masikio.

"Ningekuja zamani," alisema. "Ila nilisikia huku mna mbwa."

Binti aliinamisha kichwa. Aliokota chaza moja akaitia kapuni, akaokota nyingine.

"Ni kweli, wapo," alisema. "Pole na njia, mama."

Maneno ya ugomvi kati yao yaliishia hapo. Ile hotuba niliyoililia kuanzia Rufiji sikuisikia tena.

Mkwe aliporudi kutoka shamba na kuambiwa nani yuko ndani, alikaa nje muda mrefu akinawa miguu iliyokwisha kutakata. Aliingia akapiga magoti, akatoa shikamoo. Somo aliitikia, kisha akamwuliza swali moja tu, nani aliyemlea yule mbwa. Akasema ni mama yake mzazi. Somo akataka apelekwe kwa mama huyo wakati uleule. Wale wazee wawili walikaa mkeka mmoja tangu mchana mpaka magharibi, na aliyekuwa akisikiliza zaidi alikuwa Somo, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla. Nilipomwuliza siri yenyewe ni nini, alisema hakuna siri. Hawampigi, na hawamwiti mara mbili.

Tulikaa mpaka mtoto akaanza kumjua bibi yake kwa sauti. Kurudi, mbwa walitupokezana vilevile mpaka Ruvuma, na Somo aliwaaga wa mwisho kwa kuwatajia habari za safari na kuwatakia afya.

Temeke ilipata tabu. Somo alianza kuwaambia wari kwamba anataka wale kama mbwa wa kusini, wakae kama mbwa wa kusini, na bibi harusi mmoja akaenda kumwambia baba yake kwamba anafundwa umbwa. Maneno yakafika kwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akaja mwenyewe na bakora yake kulalamika. Somo alimpa kahawa, akamsimulia habari ya samaki mchangani. Sie tuliokuwa dirishani tulimwona mwalimu akijifunika uso kwa mkono wa kanzu, mabega yanacheza. Alipotoka alikohoa akasema apunguze mifano.

Hakuipunguza. Tena alijaribu adabu yake mpya kwa mbwa mmoja wa Uzunguni. Alimsimamia njiani, akamsalimia, akamwachia nafasi, na mbwa akamchania buibui mpaka juu ya goti. Somo alirudi nyumbani, akalifua mara saba na udongo wake, akalianika, akakaa barazani. Alisema mbwa hana kosa, ila kalelewa na mtu asiyejua watu.

Mie niliolewa tena, nikahamia Kinondoni, na kuonana kwetu kukawa kwa sikukuu na misiba. Mara ya mwisho niliambiwa na mtu sokoni kwamba Somo anaondoka. Nilikwenda mbio mpaka barabara ya Kilwa, pale malori yanapopakia, nikamkuta amekaa juu ya sanduku lake, mgongo umepinda, macho yana ukungu. Alinitambua kwa nyayo. Aliniambia naburuta viatu.

Nikamwuliza anakwenda wapi na uzee huu. Alisema mjukuu wake amevunja ungo, na bibi zake wawili wamekubaliana kwamba huyu atawekwa ndani na Somo kutoka Temeke, hakuna mwingine.

"Mama yake sikumcheza," alisema. "Huyu nitamcheza mpaka Mreno atoke nje kuuliza kuna nini."

Nikamwuliza atarudi lini. Alinipapasa uso kwa vidole vyake, akakuta machozi, akaniambia nijifute, wasafiri wasije wakadhani kuna aliyekufa, na nilikuwa nalia vizuri zaidi Lindi. Nikacheka na kulia pamoja, meno yote nje, na safari hii hakunikataza.

Tulimpandisha mbele, karibu na dereva. Taniboi alikuwa amening'inia nyuma anatafuna muwa na kutema makapi, vijana wengine wamelala juu ya magunia, kofia usoni, miguu imetupwa kila upande. Lori likaondoka. Sauti ya Somo ilianza kabla halijafika kwenye mteremko, ikapenya kwenye kelele za injini, nami nikabaki nimesimama kwenye vumbi nikitazama. Taniboi aliutupa muwa. Halafu mmoja mmoja, juu ya magunia, vijana wakavua kofia, wakakusanya miguu, wakakaa wima.